Mashavu ya Mwalimu Mkuu

Ukimsalimia Mwalimu Mkuu, alikutazama mikono kabla ya uso. "Shikamoo" yako aliisikia, lakini "marahaba" yake haikutoka mpaka awe amekwisha kuona kucha, viganja, na ule upenyo wa katikati ya vidole ambamo upele hupenda kujificha. Alikuwa amestaafu. Wanafunzi wake tulikuwa tumeota ndevu, wengine vitambi, na bado tulipofika mbele yake mikono ilijitokeza yenyewe. Mimi niliyesoma hadi chuo kikuu, nikaandika tasnifu nzima juu ya mamlaka na namna ya kuyapinga, nilikuwa wa kwanza kuinyoosha.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui. Hakuwahi kuniambia, nami sikuthubutu kuuliza. Nilimjua kwa vipindi viwili: kwanza akiwa mkuu wa shule ya msingi huku kwetu Pasiansi, Mwanza, nami mtoto mwenye upele, kisha katika miaka ya tisini, yeye akiwa mstaafu mwenye kibanda cha sabuni, nami msomi asiye na kazi niliyerudi kukaa kwa mama. Mchana kutwa nilikuwa kwenye benchi la kibanda chake. Watu walidhani ni urafiki. Ukweli ni kwamba mimi sikuwa na pengine pa kukaa, na yeye alihitaji mtu wa kumbishia.

Shuleni ukaguzi wa usafi ulifanyika Jumatatu kabla ya kuingia madarasani. Tulisimama mistari, mikono mbele, naye akipita na rula ya mbao, akiinua kola hapa, akifunua sikio pale. Mwenye kucha ndefu alirudishwa nyumbani. Mwenye upele alitengwa kando, na huko kando mimi nilikuwa mkazi wa kudumu. Tulivua mashati tukangoja dawa ile nyeupe inayochoma kuliko ugonjwa wenyewe. Mwalimu mwingine angetumia pamba, au angemwagiza kaka mkuu. Yeye alikunja mikono ya shati lake akatupaka kwa kiganja kitupu, mmoja mmoja, mgongo mzima, huku akitusema kwa Kiswahili fasaha.

"Huu si upele," aliniambia siku moja mbele ya shule nzima. "Haya ni makazi. Mama yako ana habari kwamba umefungua kijiji cha ujamaa mgongoni?"

Jina la Kijiji likanishika hadi nilipoondoka kwenda sekondari. Ndugu zangu husema nilisoma sana kwa sababu nilikuwa na akili. Mimi nadhani nilisoma ili niende mahali ambako hawanijui.

Alichukia kuona mtu akijikuna. Kujikuna mbele za watu, alisema, ni kuusengenya mwili wako mwenyewe. Kama unawashwa, nenda ukaoge; kama umeoga na bado unawashwa, nenda hospitali; kama umetoka hospitali na bado unawashwa, vumilia. Katika darasa lake ungeweza kumwona mtoto ametoa machozi, amekaza mikono juu ya dawati, huku inzi akitembea shingoni mwake kwa raha zake.

Alikuwa mtu wa misimamo miwili kwa kila jambo, na yote miwili aliitetea kwa sauti ile ile. Miaka ya dhiki, sabuni ilipoadimika na watu wakafulia majani ya mpapai, aliwaita wafanyabiashara walanguzi na wanyonyaji. Ruksa ilipokuja, biashara ikaachiwa huru, maduka yakajaa sabuni za kila rangi, akastaafu na yeye akafungua kibanda. Nilimkumbusha maneno yake ya zamani.

"Mimi sifanyi biashara," alinijibu, huku akikata mche wa sabuni kwa waya. "Natoa huduma. Inatokea tu kwamba watu wanalipa."

Rafu yake ya juu ilikuwa na boksi la sabuni za kujichubua, zile zenye picha ya dada mweupe anayecheka. Hakuwahi kumuuzia mtu hata moja. Nilikaa pale miezi mingi ndipo nikaelewa kwamba alizinunua ili apate watu wa kuwakatalia.

"Mzee, nipe ile yenye mdada," msichana angesema.

"Ile haiuzwi."

"Si hiyo hapo?"

"Iko hapo uione, halafu uache. Onyesha mikono. Ngozi nzuri kama hiyo, unataka kuifanya nini? Chukua ya mche, ukaoge, urudi kwenu."

Msichana alichukua ya mche. Kisha alizunguka nyuma akaenda kununua yenye mdada kwenye kibanda kingine, lakini hilo Mwalimu Mkuu hakuliona, na mimi sikumwambia.

Halafu lilikuwapo lile koti. Mitumba ilipoanza kumwagika mjini kwa marobota, yeye aliiita nguo za maiti wa Ulaya, akawahutubia wateja juu ya heshima ya pamba yetu ya Usukuma, ambayo hapo ilikuwa haina mnunuzi. Mvua za masika zilipofika, akatokea kibandani na koti la kahawia, zito, lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Nikamuuliza limetoka wapi. Akasema ni zawadi. Jirani yetu Mama Kulwa, muuza dagaa, mjane mwenye sauti ya kuvuka barabara, akaangua kicheko.

"Zawadi ya nani, Mwalimu? Mimi nilikuona mnadani, umeliinamia unalinusa kwapa!"

"Nilikuwa nalikagua."

"Na ukalichukua!"

"Lilifaulu," akasema, akafunga vifungo.

Nayaeleza haya ili ijulikane alikuwa mtu wa namna gani kabla ngozi yake haijamgeuka.

Ilianza na muwasho mtupu. Miezi mingi hakikuonekana kitu, ila niliona kwamba mzee aliyekuwa anakaa wima kama nguzo sasa anajisogeza-sogeza kwenye kiti. Rula ya mbao, ile ile ya ukaguzi, ilianza kupotelea ndani ya koti na kutokea kwa chini. Nikitazama, aliitoa akajifanya anapima sabuni. Kisha yakatokea malengelenge. Si vipele, si majipu. Malengelenge ya maji maangavu, yamekaza, mengine madogo kama kunde, mengine yanajaza kiganja, mikononi, mapajani, tumboni. Ungedhani amemwagiwa uji wa moto. Yakipasuka yaliacha nyama nyekundu, na shati likaganda.

Mtaa mzima ukageuka kitivo cha tiba. Mstaafu wa reli aliyekuwa anaishi nyuma yetu, aliyepunguzwa kazini na hakuwahi kuusamehe uchumi huria, alisema ni sabuni za nje. Mvuvi mmoja alisema ni mafuta ya sangara. Mama Kulwa alisema ni koti.

"Yule mzungu aliyekufa amelifuata koti lake," alisema. "Lichomeni."

Mimi, kwa kuwa watu walinitazama kama ndiye mwenye elimu, nilisema ni msongo wa mwili unaotokana na mabadiliko ya kiuchumi. Nilikuwa nimesoma kitu kama hicho mahali fulani, au nilikuwa nimekiandika mwenyewe, sikumbuki. Wote walinisikiliza kwa heshima, kisha wakaenda kulichoma koti. Mwalimu Mkuu alilitoa mwenyewe bila kubisha, jambo lililonitisha kuliko malengelenge. Liliwaka nyuma ya nyumba yake, kati ya mawe, likitoa harufu ya mbuzi aliyeunguzwa manyoya. Wiki iliyofuata malengelenge yaliongezeka, na mzee akapata kikohozi kwa kukosa koti.

Dhana niliyoiogopa haikusemwa kwa sauti. Vijana wa kijiweni ndio walioisema, wakiwa wamegeuza migongo: "Mzee kakanyaga waya." Miaka ile ya UKIMWI kila mtaa wa Mwanza ulikuwa umezika vijana wake. Mtu akitoka mkanda wa jeshi ubavuni, watu walikuwa wameshamhesabia. Na huyu alikuwa mgane, anaishi peke yake, ametoka malengelenge mwili mzima. Hawakuhitaji ushahidi mwingine.

Wateja wakaanza kupungua. Nani anunue sabuni kwa mtu ambaye ngozi yake yenyewe inamwagika? Lakini wateja hawakumuuma kama salamu. Watu walianza kumsalimia kutoka barabarani. "Shikamoo, Mwalimu!" kwa uchangamfu mwingi, mikono imo mifukoni, miguu haisimami. Aliitikia kila mmoja. Kisha akawa anabaki amenyoosha shingo, akitazama migongo yao mpaka kwenye kona, na hapo ndipo nilipoona kwamba amezeeka. Alikuwa anapoteza jina lake, mtaa kwa mtaa, na vidonda vile vilikuwa vinaanza kutoa harufu. Mama yangu aliniambia wazi: asipotibiwa, atakufa, na akifa watu watamzika kwa haraka.

Hospitali ya rufaa kulikuwa na daktari wa ngozi, mwanamke wa umri wangu. Tatizo ni kwamba tulisoma naye.

"Yule?" alisema Mwalimu Mkuu. "Yule nilimtoa chawa mwenyewe, kwa mafuta ya taa na kitana. Nimvulie shati?"

Nikakaa naye mchana kutwa nikimshawishi. Nilieleza uhusiano kati ya daktari na mgonjwa, nikaeleza historia ya aibu katika jamii, nikagusa maadili ya Wagiriki wa kale. Nadhani nilizungumza vizuri. Nilipomaliza alikuwa amelala.

Kilichomshinda ni mgongo wake. Asubuhi moja nilikwenda kwake mapema kumwazimia mama jembe. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye lile jiwe kubwa ambalo nusu ya ua wake ni lenyewe, kifua wazi, amelipa jiwe mgongo, anajisugua juu chini, macho amefumba, anaguna kwa raha kama ng'ombe aliyetoka joshoni. Alipofumbua macho tukatazamana.

"Msomi," akasema, "umeona nini?"

"Sijaona kitu, Mwalimu."

"Vizuri. Nisubiri nivae. Tunakwenda hospitali."

Daktari alitupokea kwa "shikamoo" ya kupiga goti kidogo. Mwalimu Mkuu aliitikia, akakaa, akaweka mkono kwenye kifungo cha kwanza cha shati, akasita.

"Kwanza umenawa?"

"Nimenawa, Mwalimu."

"Onyesha."

Daktari bingwa, aliyesomea ng'ambo, akanyoosha mikono miwili, viganja juu, kisha akaigeuza. Muuguzi aliyekuwa mlangoni akageuka ukutani kuficha kicheko. Mwalimu Mkuu alikagua kucha moja moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo akafungua shati.

Daktari hakushtuka wala hakurudi nyuma. Alimgusa bila glovu mahali palipokuwa pazima, akabonyeza pembeni ya lengelenge, akauliza maswali ya kawaida: yalianza lini, muwasho ulitangulia kwa muda gani, mdomoni yapo. Kisha akasema anahitaji kukata kipande kidogo cha ngozi kipelekwe maabara ya Moshi kikatazamwe, na damu ipimwe pia. Mwalimu Mkuu akaniomba nibaki nimshike bega, asije akatikisika. Nikabaki. Nilikiona kile kisu kidogo cha duara kikizungushwa, nikaona kipande kinanyanyuliwa, kisha nikaona dari. Muuguzi alikuwa ananipepea kwa faili. Mwalimu Mkuu, ngozi yake imetobolewa na plasta juu yake, alikuwa amenishika bega mimi.

Hadithi hiyo aliisimulia hadi siku zake za mwisho. "Nilikatwa mimi, akaanguka yeye," aliwaambia watu, hata wale waliokuwa wanapita mbali. "Ndio faida ya digrii."

Majibu yalirudi. Damu haikuwa na kile ambacho mtaa ulikuwa umekwisha kumpa. Ugonjwa ulikuwa na jina refu la Kigiriki ambalo nilijifunza kulitamka mbele ya kioo ili nikalitumie kijiweni. Huja uzeeni, daktari alieleza, na huonekana kwa nadra.

"Mwalimu, ngozi ina tabaka la juu na la chini, na kati yake kuna gundi. Askari wa mwili wako wameiona hiyo gundi wakadhani ni adui. Wanaipiga. Inaachia, maji yanaingia katikati, ndiyo malengelenge. Hauambukizi. Hukuupata kwa mtu, na hutampa mtu."

"Kwa hiyo si koti?"

"Si koti, Mwalimu."

Alijipapasa kiwiko. "Lilikuwa koti zuri," akasema.

Akapewa vidonge vidogo vyeupe, vya kumeza kwa wingi asubuhi. Muwasho uliondoka kwanza. Kisha malengelenge yakakauka, yakaacha madoa meusi na mengine meupe, mwili mzima kama ramani ya visiwa vya Ukerewe. Lakini mtaa ulikuwa bado barabarani, na salamu bado zilikuwa za kutoka mbali. Hapo nikaona wajibu wangu. Magazeti mapya yalikuwa yamechipuka kila kona, nami nilikuwa naandika katika moja lililokubali kila kitu. Nikaandika makala ndefu kuhusu maradhi ya ngozi, ujinga na unyanyapaa, bila kumtaja jina, ila kila mtu wa Pasiansi angejua. Nilisubiri matokeo. Siku ya tatu Mama Kulwa alimletea mama yangu dagaa, wamefungwa ndani ya aya yangu nzuri kuliko zote.

"Umeisoma, mama?" nikamuuliza mama yangu.

"Nimesoma nini?"

"Hiyo karatasi."

Aliitazama, akawageuza dagaa upande wa pili. "Yaya, mwanangu, sijaisoma. Ina maandishi madogo mno."

Kilichofanya kazi ambayo makala yangu haikuifanya ni mashavu. Daktari alikuwa ametuonya kwamba vidonge vile huleta njaa na kuujaza uso, lakini hakuna aliyekuwa tayari kwa kile kilichotokea. Mwalimu Mkuu, aliyekuwa na uso mwembamba wa mtu wa kusahihisha madaftari, alivimba. Mashavu yalimjaa mpaka macho yakawa mistari. Shingo ikatoweka. Alikula ugali wa watu wawili akauliza kama upo mwingine. Na mtaa ukamwona. Ugonjwa ule walioufahamu wao ulikondesha watu. Ulikausha, ulibakiza koti na mifupa. Haukuwahi kumnenepesha mtu. Vijana wa kijiweni walimtazama akipita na tumbo lake jipya, wakafuta hesabu yao.

"Mwalimu umenawiri!" Mama Kulwa alipiga kelele toka ng'ambo ya barabara, kisha akavuka, akamshika shavu kwa vidole viwili kama anayepima nyanya. "Mwanaume huyu! Si uoe?"

"Nani atapika chakula chote hicho?" akajibu Mwalimu Mkuu, na nikaona anacheka kama mtoto.

Wateja walirudi. Mikono ilirudi. Mimi nilisikitika kidogo kwa niaba ya sayansi, na zaidi kwa niaba ya makala yangu, lakini niliposema kwamba watu wamekubali jambo la kweli kwa sababu ya uongo, alinitazama kwa vijicho vyake vidogo.

"Msomi, mimi nimefundisha jedwali la saba kwa fimbo. Wakishalijua, sikuuliza wamelijua kwa sababu gani."

Lakini vidonge vile si chakula. Damu yake ilianza kuonyesha sukari. Macho yalianza kufifia. Daktari akamwambia, mimi nikiwepo, kwamba sasa lazima dozi ishushwe taratibu, kidogo kidogo, na uso utarudi ulivyokuwa.

"Uache," alisema Mwalimu Mkuu.

"Niache nini, Mwalimu?"

"Uso. Punguza chochote unachotaka, uso uache."

Daktari alicheka akidhani ni utani. Mimi nilijua si utani. Baada ya mwezi nikagundua kwamba anameza dozi ile ile ya zamani, na ziada anainunua kwenye maduka ya dawa ya mjini yaliyokuwa yamefunguliwa kila mahali, yanayokuuzia unachotaka bila kukuuliza unaumwa nini. Nikamwambia anajiua.

"Ruksa, Msomi," akasema. "Si ninyi mliotaka soko huria? Wenzangu wananunua redio. Mimi nanunua mashavu."

Hapo ndipo nilipopata kazi ya kufundisha Dodoma nikaondoka, na lazima niseme sikumwachia ushauri wowote wa maana.

Nilirudi likizo ya mwisho wa mwaka. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Nilimkuta ndani kwake, amekaa kitandani, redio imezimwa. Mashavu yalikuwa yamekwenda. Yaliacha ngozi iliyolegea pande mbili za mdomo, na shingo ilikuwa imerudi, nyembamba kuliko ya zamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ingia, mbona unasimama mlangoni kama mkusanya kodi."

"Umefunga kibanda?"

"Nimefunga."

"Tangu lini?"

"Tangu shingo ilipoanza kuonekana."

Akanieleza. Alikuwa amewaona sisimizi wakikusanyika pale alipojisaidia haja ndogo, akajua ni sukari. Siku nyingine akamwaga chai pembeni ya kikombe, akidhani kikombe kiko pale. Akaenda kwa daktari kwa miguu yake akakiri yote. Daktari alimkaripia, alisema, kama yeye alivyokuwa akiwakaripia wao, akamtaka achague mashavu au macho.

"Nikachagua macho," akasema. "Sasa ninayo, nawaona wanavyonikwepa."

Nikaanza kumwambia kwamba maneno ya watu hupita, kwamba mtu aliyeelimika huishi kwa kipimo chake mwenyewe, kwamba sisi kama jamii... Aliinua mkono.

"Wewe ulihamia Dodoma ili wasikuite Kijiji."

"Nilipata kazi, Mwalimu."

"Na kazi pia." Akasogea kwenye mwanga wa dirisha. "Nitazame. Yamebaki hata kidogo?"

"Yapo bado, Mwalimu. Kiasi."

"Muongo. Hata kudanganya hawakukufundisha huko." Kisha akatoa ufunguo chini ya mto, akanirushia. "Kafungue. Nikiendelea kukaa humu watasema nimekufa, nami sina nguvu ya kufufuka nikawaeleze."

Kufuli lilikuwa limeshika kutu, na nilihangaika nalo mpaka akaninyang'anya akalifungua mwenyewe. Alipangusa vumbi kwenye miche ya sabuni, akakaa dirishani, mimi kwenye benchi. Watu wakapita. "Shikamoo, Mwalimu!" Wengine walipunguza mwendo, wakamtazama shingo, wakaongeza mwendo. Aliwaitikia wote. Niliona mikono yake imeshikana juu ya ubao, mmoja umeubana mwingine usikune.

Mama Kulwa alitokea upande wa ziwani, beseni la dagaa wabichi kichwani, linatiririsha maji begani. Alipofika usawa wetu alisimama, akalishusha kwa kishindo kwenye ncha ya benchi langu, akapumua.

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Mwangaluka."

Alimtazama. Hakujificha kama wengine; alimtazama uso, shingo, akarudi usoni.

"Umepungua."

"Nimepungua."

"Umerudi ule ugonjwa?"

Nilifungua mdomo nieleze habari ya dozi. Mwalimu Mkuu hakuningoja. Alikunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko, akauweka juu ya ubao. Madoa yale ya visiwa yalikuwapo yote, na katikati yake lengelenge moja dogo, jipya, limejaa maji.

"Dawa wamepunguza," akasema. "Mwili nao umepungua. Na hili ni la jana. Daktari anasema haliambukizi. Mimi namwamini. Wewe sijui."

Mama Kulwa aliinama akalichungulia. Barabarani watu wawili walikuwa wamesimama, wanajifanya wanafunga viatu. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua, jambo ambalo kwangu, kama inavyojulikana, ni hatari.

"Linauma?" akauliza.

"Linawasha."

"Pole." Alijinyoosha, akakunja upya kata yake ya kanga, akaiweka kichwani. "Haya, mie jua linaniharibia dagaa. Njoo unitwishe."

Niliruka nikashika beseni.

"Wewe kaa," akaniambia. "Hiyo miwani yako itaangukia humo. Nimemwambia Mwalimu."

Mwalimu Mkuu alizunguka mlango wa nyuma, akaja taratibu, mkono wa shati bado umekunjwa. Alisimama mbele ya beseni kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Alijipangusa viganja kwenye suruali, upande huu na upande huu.

"Nishike wapi?"

"Si hapo chini! Kwani hujawahi kumtwisha mtu?"

Akainama, akaingiza mikono yote miwili chini ya beseni, yeye upande wake na Mama Kulwa upande wake, maji ya dagaa yakamchuruzika hadi viwikoni. Walinyanyua pamoja. Lilipofika juu ya kichwa hakuachia mpaka likatulia kwenye kata.

"Polepole," alisema Mama Kulwa. "Nimesuka jana."